Abiria wa Anga na Mwenye Shamba

Jina zuri ni nusu ya biashara. Muuza maji huyaita matamu, na muuza safari huiita utalii. Tangu mwanzo wa karne hii ya 21, neno utalii limepandishwa juu kupita ndege na mawingu, likatumiwa kwa safari za watu wanaolipa nauli ili wafike katika anga za juu, pahali ambapo zamani palifikiwa na watumishi wa dola peke yao. Katika insha hii nataka, msomaji, tulitazame jina hilo kama mhakiki atazamavyo kitabu: tuzitaje sifa zake bila uchoyo, tuzitaje ila zake bila chuki, kisha tutoe hukumu. Swali letu ni moja: je, safari hizo zimekwisha kustahili kuitwa utalii?

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuhitaji kufundishwa maana ya neno hili, kwa kuwa twaishi nalo. Kitui na Makueni zimepakana na mbuga za Tsavo, na mgeni ajaye kutazama ndovu huko hutimiziwa mambo matatu hata asipoyataja. Kwanza, njia apitayo imekwisha kupitwa na wengi na kujulikana mabonde na mashimo yake. Pili, yuko mtu wa kuulizwa: mwenye gari ana leseni, na likipinduka, sheria inajua mlango wa kubisha. Tatu, yuko mwenyeji, naye haimpasi kudhurika kwa starehe ya mgeni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji aumie. Njia iliyojaribiwa, mtu wa kuulizwa, na mwenyeji asiyedhurika: haya ndiyo mawe matatu ya mizani yetu. Tuweke safari za anga za juu upande wa pili, tuone zitalala wapi.

Haki yataka tuanze na sifa. Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika anga za juu, alipaa tarehe 12 Aprili 1961 akarudi baada ya dakika 108. Kwa miaka 40 iliyofuata karibu kila aliyepita nyuma yake alikuwa ametumwa na serikali: rubani wa jeshi, mhandisi, tabibu au mwanasayansi. Ndipo tarehe 28 Aprili 2001 tajiri wa Kimarekani, Dennis Tito, alipoondoka Baikonur, nchini Kazakhstan, kwa chombo cha Kirusi, akakaa juu muda wa siku 8 hivi. Nauli yake ilitajwa kuwa karibu dola milioni 20. Aprili ya mwaka uliofuata Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alipita njia iyo hiyo. Hata hivyo vyombo vyenyewe vilikuwa vya serikali, na abiria alinunua kiti kilichobaki wazi.

Mageuzi makubwa yalikuja tarehe 21 Juni 2004 katika jangwa la Mojave, California. Chombo kilichoitwa SpaceShipOne, kilichobuniwa na kujengwa na watu binafsi, kilimpandisha rubani wake Mike Melvill hadi kupita kilometa 100 juu ya usawa wa bahari, kipimo ambacho wengi hukihesabu kuwa mpaka wa anga za juu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule chombo hicho kilishinda tuzo ya dola milioni 10. Mlango ukawa umefunguliwa. Tarehe 11 Julai 2021 Richard Branson alipaa kwa chombo cha kampuni yake. Siku 9 baadaye Jeff Bezos naye akapaa kwa roketi ya kampuni yake, akiwa pamoja na mwanamke wa miaka 82 na kijana wa miaka 18, wakarudi chini baada ya dakika 10 hivi. Septemba ya mwaka huo watu wanne, hata mmoja wao si mwanaanga wa kazi, waliizunguka dunia kwa siku 3. Septemba 2024 abiria wa safari nyingine ya watu binafsi, iliyoitwa Polaris Dawn, walifungua mlango wa chombo chao, na wawili wao wakajitokeza nje katika utupu.

Mtu mwenye insafu hawezi kuyaita haya mchezo wa matajiri tu. Kampuni zilizofanya safari hizi zimejifunza kurudisha roketi chini nzima na kuitumia tena, jambo ambalo kwa miaka mingi lilionekana kama ndoto, na gharama ya kupandisha mzigo imepungua. Kenya yetu imekula sehemu ya tunda hilo: setilaiti yake, Taifa-1, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California kwa roketi aina ya Falcon 9, ambayo ndiyo aina ile ile ibebayo abiria. Asiyependa utalii wa anga na akumbuke kwamba mti mmoja huzaa kivuli na kuni.

Sasa tutie jiwe la kwanza katika mizani: njia iliyojaribiwa. Hapa yatupasa kutenganisha safari mbili ambazo watu huzichanganya. Iko safari ya kupanda na kushuka, mfano wa jiwe lirushwalo juu. Abiria huonja dakika chache za kuelea, kisha hurudi karibu na alipoondokea. Iko na safari ya kuizunguka dunia, ambayo yataka kasi ya kilometa 28,000 hivi kwa saa. Ya pili ni ngumu mara nyingi kuliko ya kwanza, kwa sababu kasi yote hiyo lazima ipotezwe wakati wa kurudi, nayo hupotea kwa kugeuka kuwa joto kali linalokizingira chombo. Tangazo la biashara huziita zote mbili utalii, kama kwamba kuvuka kijito na kuvuka bahari ni kitu kimoja kwa kuwa katika zote mbili miguu haigusi ardhi.

Historia ya safari ya pili inafundisha kwa uchungu. Vyombo vya Marekani vilivyorudi na kuruka tena, kati ya mwaka 1981 na 2011, vilifanya safari 135. Safari 2 kati ya hizo ziliangamia, Challenger mwaka 1986 na Columbia mwaka 2003, na watu 14 wakafa. Ndege za abiria zingepotea kwa kiasi hicho, mara 2 katika kila safari 135, hapana uwanja wa ndege duniani ambao ungebaki wazi hadi jioni. Katika Challenger alikuwamo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe, aliyechaguliwa ili afundishe watoto kutoka juu. Wanafunzi wengi walikuwa wakitazama madarasani mwao chombo kilipopasuka tarehe 28 Januari. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi walikuwa wameonya kwamba baridi ingeweza kuzidhoofisha pete za mpira zilizoziba viungo vya roketi. Onyo halikufuatwa. Safari zilikuwa zimeanza kuitwa za kawaida, hata mwalimu akapewa kiti. Lakini jina la kawaida halikuifanya hatari yake iwe ya kawaida. Msomaji, litie akilini jambo hilo, maana ndilo hofu yangu kuhusu neno utalii.

Kampuni za watu binafsi nazo zimelipa ada ya shule hiyo. Tarehe 26 Julai 2007 mlipuko katika majaribio huko Mojave uliwaua wafanyakazi watatu wa kampuni ya Scaled Composites, waundaji wa SpaceShipOne. Tarehe 31 Oktoba 2014 chombo kipya cha jamii hiyo, kilichokuwa kikitayarishwa kwa ajili ya abiria, kilikatika vipande angani. Chombo hicho kina mkia unaokunjwa juu wakati wa kushuka ili kiteremke kwa utulivu. Rubani msaidizi, Michael Alsbury, alifungua komeo la mkia mapema, chombo kingali kinapanda. Nguvu ya hewa ikaukunja, na mambo yakaisha kwa muda mfupi kuliko wa kuitamka habari yenyewe. Alsbury alikufa, mwenzake aliokoka na majeraha. Bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani ilipotoa hukumu yake mwaka 2015 haikuishia kwa marehemu. Ilisema kwamba waundaji hawakuzingatia, wala hawakujikinga na uwezekano wa kosa moja la binadamu kuleta maangamizi. Maneno hayo yastahili kuandikwa juu ya mlango wa kila karakana. Mtu hukosea, fundi mwema ni yule aliyelitarajia kosa hilo kabla halijatokea.

Lakini pia fundi mwema yupo, naye asinyimwe sifa. Tarehe 12 Septemba 2022 roketi ya kampuni ya Blue Origin iliharibika injini dakika moja hivi baada ya kupaa. Hapakuwa na mtu ndani. Papo hapo chumba cha abiria kilijitenga kwa injini yake cha wokovu, kikafungua miamvuli, kikatua salama. Mamlaka ya anga ya Marekani iliitaka kampuni hiyo itimize masahihisho 21, na watu hawakupandishwa tena kwa roketi hiyo hadi Mei 2024. Siku hiyo mwavuli mmoja katika mitatu haukujaa hewa sawasawa, lakini miwili iliyobaki ilitosha, kwa kuwa chombo kilikuwa kimebuniwa kiweze kutua hata kwa miwili. Huo ndio ufundi: kuweka akiba ya uhai pale ambapo bahati huenda ikakosekana. Kwa hiyo, kuhusu jiwe la kwanza, hukumu yangu ni kwamba njia hii ingali inajaribiwa. Apitaye humo ni mjaribu pamoja na wajaribu wengine, na heshima yake ni ya mjaribu. Kumwita mtalii ni kumpunguzia ushujaa wake na kumfichia hatari yake kwa wakati mmoja.

Jiwe la pili ni mtu wa kuulizwa. Ili tulielewe, tushuke kidogo ardhini. Chukua njia itokayo Kitui, ikapita Kabati na Migwani, ikafika Mwingi. Abiria apandaye matatu Migwani asubuhi hakusomea ufundi wa injini. Hatambui breki iliyolika na tairi lililochoka. Haombwi kutia sahihi kwamba ameelezwa hatari zote za mlima na kona. Humwachia sheria kazi hiyo, naye ana haki ya kumwachia, kwa kuwa nauli humpa kiti, haimpi elimu ya makanika.

Lakini sheria hiyo haikuwako tangu mwanzo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni zilizotakiwa kwa magari ya abiria, na sababu yake ilikuwa njema: watu walihitaji usafiri, na wafanyabiashara wadogo walihitaji nafasi ya kukua. Biashara ikakua kweli kweli. Mwaka 1984 sheria ilibadilishwa, matatu zikatakiwa kuwa na leseni na kukaguliwa. Februari 2004 zikaanza kutumika kanuni zilizotungwa chini ya Waziri wa Uchukuzi, John Michuki: mikanda ya usalama kwa abiria, na vidhibiti mwendo vya kuzuia gari lisipite kilometa 80 kwa saa. Wenye magari walilalamika, wengi wakagoma, na ilisemwa kwamba biashara ingekufa. Haikufa. Ajali hazikwisha, na wavunjao kanuni wangalipo. Lakini tangu hapo hapana aliyeweza kusema kwamba usalama wa abiria ni shauri la abiria mwenyewe.

Tazama sasa jinsi tarehe zinavyoweza kukutana. Mwishoni mwa mwaka uo huo, 2004, Marekani ilipitisha sheria iliyoelekea upande mwingine. Mamlaka ya anga ilipewa kazi ya kuwalinda watu walio chini na mali zao, lakini ilikatazwa, isipokuwa baada ya maafa au tukio la hatari kubwa, kutunga kanuni za kuwalinda walio ndani ya chombo. Abiria hutia sahihi hati kwamba ameelezwa hatari, na kampuni hulazimika kumwambia kwa maandishi kuwa serikali haikukithibitisha chombo hicho kuwa salama. Kipindi hicho cha kujifunza, kama kiitwavyo, kiliwekwa kwa miaka 8. Kilipokaribia mwisho kikaongezwa. Kikaongezwa tena, na tena. Nyongeza ya mwaka 2024 ilikisogeza hadi mwanzo wa mwaka 2028.

Tuwasikilize kwanza walioitetea sheria hiyo, kwa maana mhakiki asiyesikiliza ni mtukanaji tu. Wasema kwamba ufundi ungali mchanga, na kanuni zikitungwa mapema zitafunga mawazo ya wabunifu kama kamba ifungavyo mche uliotaka kunenepa. Wasema pia kwamba abiria hawa ni watu wazima, matajiri, waliojichagulia wenyewe. Hoja ya kwanza ina uzito, na ndiyo iliyokuwa hoja ya matatu mwaka 1973. Lakini kipindi cha kujifunza kina maana pale tu kinapokuwa na siku ya mtihani. Mwanafunzi aliyeomba miaka 8, akaongezewa mingine 15, hatuwezi kujua kama amesoma mpaka aketi mbele ya karatasi. Na hoja ya pili ina tundu. Sahihi ya abiria ina thamani kwa kadiri ya ujuzi wake. Na ajali ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba hata waundaji wenyewe hawakuwa wameizingatia hatari ya komeo lile. Kama fundi hakuijua, abiria alielezwa nini? Basi jiwe la pili nalo halijatulia.

Tumefika kwenye jiwe la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, maana lamhusu mtu asiyenunua tikiti. Huyu ni mwenyeji, mwenye shamba lililo chini ya njia ya wasafiri.

Januari 2024 kampuni ya Axiom iliwapeleka watu wanne katika kituo cha kimataifa cha anga za juu kwa chombo cha kampuni ya SpaceX, wengi wao wakiwa wamelipiwa na serikali zao. Wote walirudi salama mwezi wa Februari, na habari zikasema safari imekwisha. Lakini haikuwa imekwisha. Sehemu ya nyuma ya chombo, ambayo huachwa kabla ya kushuka, ilibaki juu ikizunguka peke yake, kisha ikaingia hewani bila mtu wa kuiongoza. Ilitarajiwa kuungua. Vipande vyake vilivyonusurika moto vilianguka katika jimbo la Saskatchewan, nchini Kanada, na wakulima wakavikuta katika mashamba yao. Mkulima yule hakuona dunia kutoka juu, hakuelea, hakupigwa picha. Sehemu yake ya safari ilikuwa chuma.

Habari hiyo ya Kanada isikike Migwani kama habari ya jirani, kwa sababu jirani yetu amekwisha kupata mfano wake. Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, pete kubwa ya chuma ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Kipenyo chake kilikuwa kama meta 2.5 na uzito wake karibu kilo 500, yaani magunia zaidi ya matano ya mahindi yaliyofungwa pamoja na kuachwa yaanguke kutoka mbinguni. Kwa rehema hapana aliyejeruhiwa. Tarehe 1 Januari 2025 Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba, kwa uchunguzi wa awali, ilikuwa pete ya kutenganishia sehemu za roketi, na kwamba vitu vya namna hiyo kwa kawaida hukusudiwa kuungua vikirudi hewani, au kuanguka pasipo na watu, kama baharini. Lazima tuseme kweli: pete hiyo haikusemwa kuwa ya safari ya watalii, na mimi sitaisingizia. Naitaja kwa sababu inaonyesha hali ya mwenyeji ilivyo. Roketi ya mtalii na roketi ya setilaiti zote huacha mabaki, na mabaki hayaulizi yalikuwa yakimbeba nani.

Tena hali hiyo haimlingani kila mtu. Migwani iko kusini ya ikweta kwa umbali wa nyuzi 1 hivi. Kitu kinachozunguka karibu na ikweta hakina pengine pa kuangukia ila nchi na bahari zilizo karibu na ikweta. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 katika jarida la Nature Astronomy ulikadiria kwamba viwiliwili vya roketi vinavyorudi ovyo vina uwezekano wa kuangukia latitudo za Lagos na Jakarta karibu mara 3 kuliko latitudo za New York na Moscow. Nchi zirushazo kwa wingi si ndizo zinyeshewazo kwa wingi. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga. Lakini janga hili huliwa na wa wengine.

Wala usidhani kuwa vyombo vya abiria wa kesho haviingii katika hesabu hii. Roketi kubwa ya SpaceX iitwayo Starship ilichaguliwa mwaka 2018 na tajiri wa Kijapani, Yusaku Maezawa, impeleke yeye na wasanii kuuzunguka mwezi. Alifuta safari hiyo Juni 2024. Tarehe 16 Januari 2025, wiki mbili na siku kadhaa baada ya tukio la Mukuku, Starship isiyo na watu ilipasuka ikiwa katika majaribio, vipande vikaanguka upande wa visiwa vya Turks na Caicos, na ndege za abiria zikalazimika kugeuza njia. Wale waliokuwa ndani ya ndege hizo walikuwa wamenunua tikiti za kwenda kwao, si za kwenda mwezini.

Je, mwenyeji ana pa kushitaki? Anapo, lakini mlango ni mwembamba. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 wasema kwamba dola iliyorusha kitu italipa hasara kitakayoleta juu ya ardhi, hata kama haikuzembea, na hata kama mrushaji ni kampuni ya watu binafsi. Umoja wa Kisovieti ulilipa Kanada dola milioni 3 za nchi hiyo kwa setilaiti iliyoanguka huko Januari 1978 ikiwa na madini ya nyuklia. Lakini madai hayapelekwi na mkulima; hupelekwa na serikali yake, kwa njia ya kibalozi, na ndani ya mwaka mmoja tangu hasara kutokea au mrushaji kujulikana. Kwa hiyo haki ya mwenye shamba huanza na swali la elimu: chuma hiki ni cha nani? Asiye na mtaalamu wa kulijibu swali hilo ana haki katika karatasi, hana mkononi.

Na bado, msomaji, sikukusudia kukukatisha tamaa, kwa sababu dawa ipo na imekwisha kuonekana. Italia ilipochagua pahali pa kurushia roketi zake katika miaka ya 1960, iliweka jukwaa la San Marco baharini, kwenye pwani ya Kenya karibu na Malindi. Kutoka hapo setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wetu, na ndiyo maana ikaitwa hivyo. Ukaribu wa ikweta uliisaidia roketi kwa mzunguko wa dunia, na upande wa mashariki ulikuwa Bahari ya Hindi tupu ya kupokea vilivyoanguka. Usalama wa mwenyeji ulianza na ramani. Vivyo hivyo, baada ya vipande kuanguka mashambani, SpaceX ilitangaza mwaka 2024 kwamba vyombo vyake vya abiria havitashuka tena pwani ya Florida bali Pasifiki, pwani ya California, ili ile sehemu ya nyuma iachwe kwa wakati ambao itaangukia baharini. Abiria wa safari ya watu binafsi iitwayo Fram2 walishuka huko tarehe 4 Aprili 2025. Basi tumejua kwamba lililoitwa ajali ya bahati lilikuwa uchaguzi, na uchaguzi waweza kubadilishwa.

Naitoa sasa hukumu yangu. Safari za anga za juu za watu binafsi zina maendeleo ya kweli, na asiyeyaona amejifumba macho. Usalama wake umekua pale ambapo mafundi walilitarajia kosa, na umedhoofika pale ambapo jina lilitangulia kazi. Lakini jina la utalii hazijalistahili. Njia haijajaribiwa vya kutosha. Mtu wa kuulizwa ameahirishwa kutoka mwaka hadi mwaka. Na mwenyeji, ambaye hakuulizwa neno, amekwisha kuanza kulipa sehemu ya nauli. Siku kampuni hizi zitakapoweza kumwambia mkulima wa Mukuku, kwa ushahidi si kwa tangazo, kwamba chuma chao hakitamfikia, na kikimfikia mwenyewe atajulikana na kulipa, nitakuwa wa kwanza kuwaita abiria wao watalii.

Nawe usomaye huenda usipande roketi maisha yako yote. Lakini katika darasa lako huenda yumo mhandisi atakayeweka mwavuli wa tatu, mnajimu atakayetambua pete ni ya nani, na mwanasheria atakayeyapeleka madai kabla mwaka haujaisha. Kila uambiwapo kwamba binadamu amepiga hatua, iwe ni angani, njiani au kiwandani, usiulize tu amefika juu kiasi gani. Uliza hatari ya hatua hiyo imebebwa na nani, na kama mbebaji aliulizwa.